Amri ya Saba kwa Mzee na kwa Kijana

Sisi tunaowaandaa walimu hufundisha kitabu alichokitoa Jean Piaget wa Uswisi mwaka 1932. Aliona kwamba mtoto mdogo humlaumu zaidi aliyevunja vikombe 15 kwa bahati mbaya kuliko aliyevunja kimoja akidokoa jamu. Akikua, huanza kuuliza nia.

Hata watu wazima hawatazami kosa kutoka mahali pamoja. Hapa Likasi, wazee wetu walipata kwa Gécamines mshahara, posho ya unga, shule na matibabu. Kwao, anayeingia usiku katika eneo la kampuni akabeba mfuko wa madini ni mwizi. Kijana aliyezaliwa baada ya kampuni kuporomoka miaka ya 1990 huuliza: ardhi hii ya mababu ni ya nani, na mdogo wangu atalipiwa karo na nani?

Amri ya saba haina umri. Inamkataza mbeba mfuko, tena inamkataza mkubwa anayezuia ujira wa mfanyakazi. Basi tusikilizane kabla ya kuhukumu. Na tukiisha kusikilizana, tusiogope kuuita wizi kwa jina lake, uwe wa mfuko mmoja au wa mlima mzima.