Mume na Mke katika Nyanda za Theluji

Mtu wa nchi ya joto akipewa likizo hutafuta kivuli. Walakini huko kaskazini mwa Ulaya, katika nchi za Norwei na Uswidi, wako watu maelfu ambao ifikapo Machi au Aprili hufunga mizigo yao wakaiendea baridi, tena ile kali ya milimani, na kulipa fedha zao ili wakaanguke katika theluji. Katika Afrika ya Mashariki theluji iko juu ya vilele vya Rwenzori, Kilimanjaro na mlima Kenya tu, na mtu huifikia kwa kupanda siku nyingi. Norwei theluji hulala mlangoni, na mtoto huvishwa mbao za kutelezea mara tu ajuapo kwenda kwa miguu.

Miongoni mwa wasafiri hao walikuwako mume na mke, ambao habari yao ndiyo isimuliwayo hapa. Mume alikuwa Mdenmaki, sajini wa polisi, mwenye umri wa miaka 46. Mke alikuwa Mnorwei, muuguzi wa hospitali, mzaliwa wa bonde la Hallingdal. Nchi ya Denmaki ni bapa kama meza. Mahali pake palipoinuka kuliko pote hapazidi mita 171, na kwa hiyo mume huyo alikua bila kujua mteremko ni kitu gani. Kwa miaka 12 ya ndoa yao likizo zote zilikuwa za kwenda kusini kuota jua, maana mume ndivyo alivyopenda, na nyumbani mwao neno la mwisho lilikuwa lake. Safari hii mke alisema zamu ni yake. Mume alikubali, lakini kwa uso wa mtu aliyepewa uhamisho asioutaka.

Walipanda meli ya usiku kutoka Copenhagen, wakaamka Oslo, na huko wakaingia katika gari moshi la Bergen. Reli hiyo, ambayo urefu wake ni karibu kilomita 500, ilifunguliwa mwaka 1909, nayo ni moja ya kazi kubwa zilizopata kufanywa na watu wa nchi hiyo, kwani hukata moja kwa moja juu ya milima. Behewa lilijaa watu wenye mbao ndefu, machungwa na vitabu vya upelelezi. Wanorwei wana desturi ya kusoma hadithi za wezi na polisi wakati wa Pasaka, na yasemekana chanzo chake ni reli hii hii. Mwaka 1923, siku moja kabla ya Jumapili ya Mitende, gazeti kubwa la Oslo lilitoa katika ukurasa wa kwanza kichwa cha maneno kuwa gari moshi la Bergen limeporwa usiku. Watu walishtuka, na wengine wakauliza habari za jamaa zao. Kumbe lilikuwa tangazo la kitabu kilichoandikwa na vijana wawili, Nordahl Grieg na Nils Lie. Sajini aliposimuliwa habari hiyo alisema kwamba kwake wangeitwa kituoni kutoa maelezo.

Walishuka Geilo, mji mdogo ulio kiasi cha mita 800 juu ya bahari. Hapo yafaa msomaji afahamu kwamba skii ni za namna mbili, na tofauti yake si ndogo. Namna ya kwanza ni ya kuteremka. Mbao zake ni pana, zina makali ya chuma pembeni, na kiatu chake ni kigumu kama buti la mawe, kimefungwa mbele na nyuma. Mtu hupandishwa juu kwa kamba ya mashine, kisha hushuka kwa mvuto wa dunia. Njia hutiwa alama za rangi: kijani kwa mwanafunzi, buluu, nyekundu, na nyeusi kwa aliyebobea. Namna ya pili ni ya kwenda nchi tambarare na vilima. Mbao zake ni nyembamba na nyepesi, kisigino kiko huru, na mtu hujisukuma kwa miguu na fimbo mbili. Chini ya ubao, katikati, hupakwa nta ili isirudi nyuma wakati wa kupanda: ya buluu kwa theluji ya baridi kali, nyekundu kwa theluji inayokaribia kuyeyuka. Mtu akikosea nta, ama ubao hutereza kama samaki, ama theluji huganda chini yake akawa kama mwenye viatu vya tope.

Kwa siku tatu mume alijifunza kuteremka. Siku ya kwanza alianguka mara nyingi hata akaacha kuhesabu. Mkewe alimwonyesha jinsi ya kukutanisha ncha za mbao mbele na kuzitanua nyuma, ili kupunguza mwendo; lakini sajini, mtu aliyezoea kuwafundisha kuruta gwaride, aliona haya kufundishwa na mkewe mbele ya watu. Mtoto wa miaka kama mitano alimpita akiimba. Laiti angalijua habari za Philip Boit, Mkenya wa Eldoret, pengine angalijifariji. Boit hakuwa ameona theluji mpaka alipopelekwa Finland mwaka 1996, na miaka miwili baadaye alikimbia kilomita 10 za skii katika Olimpiki ya Nagano kule Japani. Alifika wa mwisho kabisa, na mshindi, Mnorwei Bjørn Dæhlie, alimngoja mwishoni akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Siku ya tatu mambo yaligeuka. Mume alishuka njia ya buluu kutoka juu hadi chini bila kuanguka, akarudia, akarudia tena. Jioni alikula kwa furaha na kusema kwamba mchezo ule kumbe si kitu. Mkewe alimwambia taratibu, "Mteremko una mwisho na watu wapo. Huko tuendako kesho hakuna kamba wala uzio."

Walikokuwa wakienda ni Finse. Kituo hicho kiko mita 1,222 juu ya bahari, kilichoinuka kuliko vituo vyote vya reli vya Norwei, na hakuna barabara ya magari ifikayo hapo. Hakuna mti hata mmoja. Upande wa kusini imelala barafu kubwa ya kudumu iitwayo Hardangerjøkulen, na ng'ambo yake yaendelea nyanda ya juu ya Hardangervidda, pana na tupu. Mpelelezi wa ncha ya kusini, Shackleton, alikuja Finse mwaka 1914 kujaribu vyombo vyake, na mtu akisimama hapo haoni haja ya kuuliza kwa nini alipachagua.

Kwa askari nyanda hiyo ina historia. Katika vita kuu ya pili Wanorwei wanne waliotoka Uingereza walishuka huko kwa miavuli, Oktoba 1942, wakaishi vibandani katika baridi, wakila kulungu wa kaskazini pamoja na ukoga uliokutwa tumboni mwake. Februari 1943 waliungana na wenzao sita, na kwa pamoja, usiku, wakaingia katika kiwanda cha Vemork ambako Wajerumani walipata maji mazito kwa utafiti wa nguvu za atomiki. Waliharibu mitambo bila kupiga risasi hata moja. Kisha watano kati yao wakavaa mbao zao, wakasafiri karibu kilomita 400 wakiwa na sare za kijeshi mpaka Uswidi. Kabla yao, mwaka 1206, askari wawili wa kundi lililoitwa Birkebeiner walimchukua mtoto wa mfalme, ambaye hajatimiza miaka miwili, wakavuka naye milima kwa skii wakati wa dhoruba ili asiuawe na maadui. Mtoto huyo akaja kuwa Mfalme Håkon wa Nne. Hata leo hufanywa mashindano ya kilomita 54 kutoka Rena hadi Lillehammer, na kila mshindani hubeba shanta ya kilo tatu na nusu, kwa kumbukumbu ya uzito wa mtoto.

Walilala katika nyumba ya wasafiri ya chama cha watalii wa Norwei, kilichoanzishwa mwaka 1868. Chama hicho kina nyumba nyingi milimani, na baadhi yake hazina mtunzaji: msafiri hufungua kwa ufunguo, huwasha moto, huchukua chakula cha makopo ghalani, huandika alichotumia na kulipa. Sajini aliuliza ni nani awakamataye wasiolipa. Mtunzaji wa Finse alicheka tu.

Asubuhi ya pili waliazimia kwenda Kjeldebu, mwendo wa siku nzima kuuzunguka ukingo wa barafu. Mke aliandika kitabuni majina yao, njia na saa ya kuondoka. Hii ni moja ya kanuni za milimani, ambazo zilienezwa sana baada ya Pasaka ya mwaka 1967, wakati watu 18 walipokufa milimani katika likizo hiyo moja. Sasa ni kanuni tisa, zilizorekebishwa mwaka 2016, na hupigwa chapa hata ndani ya karatasi ya chokoleti. Ya nane yamtaka msafiri arejee mapema, wala asione kuwa kurejea ni fedheha. Mume alizisoma akinywa kahawa.

Waliondoka saa mbili. Mtunzaji alisema upepo utakuja alasiri. Njia ilikuwa imetiwa alama za vijiti virefu vilivyochomekwa thelujini, kimoja baada ya kingine, kazi ifanywayo kila mwaka kabla ya Pasaka. Kwa saa tatu walikwenda vizuri, jua likiwaka, mke mbele, mume nyuma akihema lakini haachi. Mara wingu likashuka kutoka barafuni. Upepo ukaanza kuikokota theluji chini kama vumbi, kisha ukaiinua. Vijana wawili wenye mashanta makubwa waliwapita, wakapunga mkono, wakapotea katika weupe.

Mke alisimama penye kijiti. Alitazama mbele, hakuona kijiti cha pili.

"Tunarudi," alisema.

Mume alisema kwa sauti kubwa, maana upepo ulikuwa ukinyang'anya maneno, kwamba nusu ya njia imekwisha, kwamba wale vijana wameendelea, na kwamba yeye ni askari wa miaka 22, hakuja huko kukimbia wingu. Mke hakubishana. Alivua glavu, akaweka kiganja kwenye shavu la mumewe.

"Unasikia mkono wangu?"

Hakuusikia. Shavu lilikuwa na doa jeupe kama nta. Baridi ilikuwa imeanza kula nyama, naye hana habari. Mke hakulisugua, kwani kusugua huchubua. Alikiacha kiganja hapo mpaka damu ikarudi na mume akasikia maumivu. Walichutama ndani ya gunia lao la upepo, wakanywa chai ya moto, wakala chokoleti. Hapakuwa na neno lingine juu ya Kjeldebu.

Kurudi kulikuwa kugumu, maana sasa upepo uliwapiga usoni. Walitumia hila moja: mmoja hubaki penye kijiti asisogee, na mwingine huenda mbele kukitafuta kinachofuata, wakiitana ili wasipoteane. Akikiona huita, na wa nyuma humfuata. Mwanzoni mke ndiye aliyetangulia. Mume alisimama peke yake katika weupe usio na juu wala chini, ameshika kijiti cha mti, anasikiliza. Mara moja sauti ilikatika. Aliita; hakujibiwa. Alitaka kwenda kumtafuta, na miguu ilikwisha anza, lakini alikumbuka aliloambiwa: akikiacha kijiti, wote wawili hawana mahali pa kurudia. Alibaki. Pengine ilikuwa dakika mbili. Sauti iliposikika tena ilitoka upande asioutazamia kabisa.

Baadaye walipokezana. Saa kumi na moja jioni waliona taa za kituo, na mtunzaji akafuta majina yao kitabuni kwa mstari mmoja bila kuuliza swali.

Siku mbili dhoruba ilivuma. Siku ya tatu wale vijana wawili walitokea Finse wakiwa wazima, nyuso zimeiva kwa jua. Walisema walifika Kjeldebu usiku saa tatu, wamechoka kidogo. Sajini aliwasikiliza, kisha akatoka nje akakaa huko kitambo. Mtu aweza kudhani kwamba alijuta, na huenda alijuta kweli. Ingawa vijana hao walikuwa na umri wa nusu ya wake, na walizaliwa na mbao miguuni. Mke alimwacha. Aliporudi ndani alimwomba mkewe amfundishe kupaka nta.

Siku ya mwisho mbingu ilikuwa safi, nao wakaifuata njia ile ile kwa matembezi tu. Walipofika mahali walipogeukia, waliona vijiti vyote mpaka mbali, vimenyooka kama askari kwenye gwaride, isipokuwa kimoja tu, kile kilichopaswa kufuata. Kilikuwa kimelala, kimefunikwa nusu. Mume alikitoa kwa mikono, akachimba shimo kwa ncha ya fimbo yake, akakichomeka na kukishindilia theluji kwa kiatu. Kisha akakitikisa kuona kama kitasimama.

"Kiko sawa?" aliuliza.

"Kiongeze kina kidogo," mke alijibu, naye akakiongeza.