Siku ya Mwisho Mjini Warsaw

Mgeni aliyekwisha kufunga mizigo yake, akingoja safari ya kesho, hana haja ya haraka. Mjini Warsaw, mji mkuu wa Poland, yamtosha kutembea polepole katika Mji Mkongwe.

Asubuhi huanzia Uwanja wa Kasri, penye nguzo ndefu ya Mfalme Sigismund iliyosimamishwa mwaka 1644. Majeshi ya Hitler yaliiangusha mwaka 1944. Ikasimamishwa tena mwaka 1949. Mabaki ya nguzo za kale yamelazwa kando ya Kasri, kila apitaye ayaone.

Adhuhuri hupumzika katika Uwanja wa Soko. Nyumba zilizouzunguka zaonekana kuwa na umri wa karne nyingi. Kumbe zilijengwa upya baada ya Vita Kuu ya Pili, maana zaidi ya asilimia 85 ya Mji Mkongwe iligeuzwa kifusi. Miongoni mwa vielelezo vilivyowaongoza wajenzi ni picha alizochora Bernardo Bellotto katika karne ya 18.

Jioni hufuata ukuta wa zamani wa mji, hadi kwenye sanamu ya mtoto aliyeshika bunduki, kichwani kofia ya chuma inayompwaya. Iliwekwa mwaka 1983 kuwakumbuka watoto walioshiriki vita vya ukombozi vya siku 63, mwaka 1944.

Mgeni aliyeacha watoto nyumbani hukawia hapo. Nyumba ikibomolewa hujengwa tena. Mtoto aliyeanguka vitani harejei.