Simba na Wanyika

Bendi ya muziki huanza kwa watu wawili watatu wapendanao, lakini nani hasa alikuwa bendi hujulikana siku baadhi yao wanapoondoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wilson Peter Kinyonga na nduguye George, wenyeji wa Tanga. Mwaka 1966 walijiunga na Jamhuri Jazz Band. Tanga ya siku zile, mji wa bandari na mkonge, haikuwa na uhaba wa wapiga gitaa; Atomic Jazz nayo ilikuwa papo hapo ikigombea wachezaji wale wale. Aliyetaka kusikika peke yake ilimbidi ahame. Mwaka 1970 ndugu hao walikwenda Arusha, na pamoja na ndugu yao wa tatu, William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka hadi Mombasa, na huko bendi ikaitwa Simba Wanyika.

Jina hilo lastahili kutazamwa kidogo. Lilikusudiwa kuwa simba wa nyika. Lakini "wa" ilipounganishwa na jina linaloifuata, likazuka neno jingine, wanyika, ambalo zamani watu wa mwambao waliwaitia majirani zao wa bara, wala si kwa heshima. Labda hakuna mchezaji dansi aliyejali. Hata hivyo, nafasi hiyo ndogo iliyosahauliwa kati ya maneno mawili ilikuja kuwa mali.

Mwaka 1975 bendi ilihamia Nairobi. Wilson alishika gitaa la solo. Sauti yake na ya George zilikuwa ndiyo sura ya bendi. Nyuma yao walikuwapo watu wasiotajwa sana: Omar Shabani katika gitaa la rithimu, Tom Malanga katika besi, Rashid Juma katika ngoma. Mchezaji husifu solo kwa kuwa ndiyo inayosema, lakini miguu yake haifuati solo. Hufuata ngoma na besi, na rithimu ndiyo uzi unaozishona pamoja. Mpiga rithimu hurudia kifungu kifupi dakika nane au tisa bila kuchoka wala kujionyesha, na akikosea mara moja ukumbi mzima hujikwaa.

Mwaka 1978 watu hao watatu waliondoka pamoja na wenzao. Bendi ya ndugu ina ugumu wake: asiyezaliwa katika nyumba ile aweza kuitumikia miaka mingi na bado akawa mgeni. Walipata mwimbaji na mpiga gitaa, John Ngereza, wakajiita Les Wanyika. Kibainishi cha Kifaransa kilikuwa fasheni ya Wakongo; miaka miwili kabla, wanamuziki waliomwacha Baba Gaston walikuwa wamejiita Les Mangelepa papo hapo Nairobi. Lakini hapa kilifanya kazi ya sarufi pia, kwani "les" ni alama ya wingi. Simba aliachiwa wenyewe. Wanyika wakaenda zao, wakiwa wengi kwa lugha mbili. Wimbo wao Sina Makosa ukaenea Afrika Mashariki nzima, na rithimu ya Shabani haikuwa tena nyuma ya mtu.

Baadaye Issa Juma naye alijitenga, akaunda Super Wanyika. Ndugu wa Tanga walitafuta wapigaji wengine, wakaendelea hadi George alipofariki mwaka 1992. Wilson alimfuata mwaka 1995.