Seti Haisukumi Basi

Basi letu lilikwama kwenye matope tukitoka Wajir kurudi Garissa. Kondakta akapaza sauti, "Wanaume wote, shukeni!" Tukashuka: mimi, wafugaji wawili wa ngamia, kijana mmoja wa miraa, na mwalimu wa kutoka Kitui aliyevua viatu na kukunja suruali. Tukasukuma. Basi lilipochomoka, sote tulikuwa rangi moja ya tope.

Saa moja baadaye, kwenye kizuizi, amri ikawa nyingine: "Wasomali wote, shukeni!"

Hilo neno "wote" lilinikaa kichwani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikikataa kutimia, na siku hizi naishi kwa kuandikia watu makala. Usiku ambao hakuna kazi najifunza Lojban, lugha ya kubuni ambayo ilianza kujengwa mwaka 1987 ili sarufi yake ifuate mantiki. Mabeshte wananiuliza nitaiongea na nani hapa Garissa. Wallahi, sina jibu.

Lakini sikiza. Kiswahili kikisema "watu walisukuma basi," hakikuambii kama kila mtu alisukuma kivyake au ni nguvu za wote pamoja. Lojban inakulazimisha uchague kabla hujataja hao watu. Kwa sarufi ya John Cowan iliyochapishwa mwaka 1997, "lo prenu" ni watu, mmoja mmoja. "Loi prenu" ni watu kama kitu kimoja: hakuna kati yetu ambaye peke yake angetoa lile basi, ila loi ililitoa. Halafu kuna "lo'i prenu", hutamkwa "lohi", ambayo ni seti ya watu. Seti ina idadi, ina walio ndani na walio nje, basi. Kitabu kinatoa mfano wa panya: seti ya panya ni kubwa, lakini panya mwenyewe ni mdogo. Sifa ya seti haimshukii aliye ndani yake. Na seti haina mikono. Haisukumi basi, wala haishiki bunduki.

Pale kizuizini tulikuwa lo'i.

Huku kwetu hii si hesabu ya darasani. Novemba 2014, washambuliaji walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakatenga wasio Waislamu, wakaua watu 28. Desemba 2015 wakajaribu tena, karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao. Kuna wanawake waliowapa Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Waliitwa kama lo'i, wakaitika kama loi.

Mimi nilikaguliwa, nikarudi kwa kiti changu. Kijana wa miraa hakuwa na kitambulisho, akabaki nje akijieleza. Dereva akawasha gari, tukaanza kusonga. Aliyegonga bodi ni yule mwalimu wa Kitui, tope bado limemkauka miguuni: "Dere, ngoja! Kuna mwenzetu hajapanda!"

Mimi nilikuwa nimeshakaa, kitambulisho mfukoni, simu mkononi, nikirudia somo la loi.