Kodi ya Mwezi Mmoja

Naandika haya kwa ajili ya wenye nyumba, na kwa ajili ya ndugu zangu watakaotoka gerezani kesho asubuhi bila kujua watalala wapi.

Nilihukumiwa miaka sita kwa wizi. Kosa nililifanya, silikani. Nilipunguziwa theluthi moja kwa mwenendo mzuri, nikatoka baada ya miaka minne nikiwa na kifurushi cha nguo na ufundi wa useremala niliojifunza huko ndani.

Mama alifariki mwaka wangu wa pili wa kifungo, na chumba alichokuwa amepanga kikapata mtu mwingine. Nikaenda kwa dada yangu, Mbagala. Alinipokea kwa machozi, akanipikia. Lakini wana vyumba viwili na watoto wanne, na shemeji hakuwa akiitikia salamu yangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikusubiri kupewa. Siku ya nne niliaga, nikasema nimepata rafiki wa kukaa naye. Sikuwa na rafiki.

Miezi mitano nililala kwenye baraza za maduka Kariakoo. Mchana nilibeba mizigo. Usiku walinzi wakitufukuza hapa, tunahamia pale. Gari la polisi likipita, moyo unanilipuka. Mtu aliyewahi kufungwa kwa wizi akikutwa nje ya duka saa nane za usiku, nani ataamini kwamba amelala tu?

Chumba nilikitafuta. Cha bei ya chini kilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, na dalali mwezi wake mmoja: jumla 280,000. Mimi kwa siku nikipata 5,000, nakula humo humo. Tena nikatakiwa barua ya serikali ya mtaa. Kule nako nikaambiwa barua huandikiwa mkazi anayejulikana na mjumbe wake. Bila chumba hupati barua, na bila barua hupati chumba.

Aliyenitoa hapo ni mama ntilie niliyekuwa namchotea maji. Alinipeleka kwa mzee mmoja Buguruni, akamwambia, "Baba, huyu katoka jela. Namjua kwa kazi yake." Mzee akaniuliza nilifungwa kwa kosa gani. Nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Lete ya mwezi huu. Ya mwezi ujao utaleta mwezi ujao."

Wiki ya tatu mtungi wa gesi wa jirani uliibwa. Watu walikuja moja kwa moja mlangoni kwangu. Mzee akatoka na msuli wake, akasimama mbele yangu: "Huyu ni mpangaji wangu. Mwenye ushahidi, twende kwa mjumbe sasa hivi." Hakuna aliyekwenda.

Leo nina miaka mitatu katika chumba kile. Nina banda la useremala, na kitanda ninacholalia nimekitengeneza mwenyewe. Kodi sijawahi kuichelewesha.

Wenye nyumba, hatuombi vyumba vya bure. Tuulizeni tulifungwa kwa nini, sikilizeni jibu, kisha pokeeni kodi ya mwezi mmoja mmoja. Kilichonitoa barazani ni shilingi 40,000 na mzee mmoja aliyekubali kuzipokea.