Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba asiyeubeba huuona mwepesi, hata kama unamvunja shingo aubebaye. Nilipokuwa mwanafunzi kama ninyi niliandika methali hii katika daftari, nikaieleza vyema, nikapewa alama nzuri. Walakini sikuijua. Nilikuja kuijua miaka mingi baadaye, katika nyumba ndogo ya mtaa wa Jericho, upande wa mashariki wa Nairobi, mama yangu alipopatwa na kiharusi.

Alilala mzima akaamka nusu. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, mguu wa kulia ukakataa kumchukua, na ulimi uliokuwa ukinisimulia hadithi ukabakiwa na maneno matatu au manne. Daktari alieleza kuwa chanzo kilikuwa shinikizo la damu, maradhi yanayomnyemelea mtu kwa miaka bila ya kumuuma. Mimi nilikuwa sijaoa, na sina ndugu. Chuo cha ualimu kilinifundisha kuandaa somo, kuandika ubaoni na kutawala darasa la watoto hamsini. Hakikunifundisha kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, wala kumlisha uji asipaliwe, wala namna mwana wa kiume atakavyomtunza mama mzazi bila ya kumvunjia heshima yake. Mchana jirani mmoja alimwangalia kwa ujira mdogo na kumwogesha. Usiku ulikuwa wangu peke yangu.

Napenda kukiri jambo moja, ingawa kulikiri ni aibu. Usiku mmoja, baada ya siku tatu za usingizi wa vipande vipande, mama alikipiga kikombe cha uji kwa mkono wake mzima, uji ukamwagika kitandani. Nilimkemea kwa sauti ambayo sijapata kumkemea mtoto yeyote darasani. Hakujibu, kwa kuwa hakuweza. Alilia tu, na nusu moja ya uso wake ndiyo iliyolia. Nusu ya pili ilikaa kimya kama ukuta. Nilibadili shuka, nikaketi sakafuni mpaka alfajiri, nikijiuliza ni mwana wa namna gani niliyekuwa.

Watu wengi wa mitaa yetu wana usiku kama huo, na sababu mojawapo ni ya kihistoria. Sehemu kubwa ya nyumba kongwe za Eastlands zilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Nyingi kati yake zilikuwa za chumba kimoja, kwa maana mfanyakazi alihesabiwa kuwa mikono ya kazi tu. Akizeeka au akiugua, ilidhaniwa kuwa atarudi kijijini kwao. Hakuna aliyefikiri kwamba watu watazaa, watazeeka na kufa humo humo. Kwa hiyo leo kitanda cha mgonjwa hukaa baina ya jiko na meza ya kulia, na jamaa wa ukoo ambao zamani wangepokezana zamu wako mbali, Siaya, Murang'a au Machakos.

Chama chetu kilizaliwa katika benchi. Kila Alhamisi tulikuwa tukingoja zamu ya wagonjwa wetu kunyooshwa viungo, sura zile zile, mahali pale pale, na kila mmoja akiyatazama magoti yake. Siku moja mama mmoja muuza mboga wa Mbotela, mwenye mwana wa miaka tisa aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, aligeuka akaniuliza, "Mwalimu, wewe mwenyewe umekula leo?" Ulikuwa mwaka wa pili tangu mama augue, na hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Wote walikuwa wakiuliza, "Mama anaendeleaje?" Nilitaka kujibu, machozi yakanitangulia.

Tukaanza watu watano, kisha kumi na moja. Alikuwamo mzee wa Kaloleni aliyestaafu kazi ya reli, ambaye mkewe alimwuliza kila jioni yeye ni nani na anataka nini nyumbani mwake. Alikuwamo fundi cherehani wa Maringo aliyemlea kaka yake mgonjwa wa akili. Tulichanga shilingi hamsini kila juma, nami kwa kuwa ni mwalimu nikatwikwa uandishi. Tuliagana kutembeleana kwa zamu, ili kila mmoja apate nusu siku ya kulala, kufua au kwenda ibadani.

Zamu yangu ya kwanza ilinipeleka Bahati, kwa bibi mmoja kipofu mwenye kisukari aliyeandikishwa na jirani yake. Nilibisha hodi. Aliyefungua mlango, ndoo ya maji mkononi, alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Mtoto huyu alikuwa akichelewa shule karibu kila siku. Mara nne muhula ule nilimwamuru aokote takataka uwanjani wakati wenzake wakisoma, na mara moja nilimwita mvivu mbele ya darasa zima. Yeye hakujitetea. Sasa niliona kuwa kabla ya saa moja asubuhi alikuwa amekwisha kuteka maji, kumwogesha bibi yake, kumpikia na kumdunga sindano ya dawa. "Karibu, Mwalimu," alisema, akaniwekea kiti. Mimi niliyekuwa nikilalamika kwamba hakuna auonaye mzigo wangu, nilikuwa nimeupiga teke mzigo wa mtoto. Nilimwomba radhi mbele ya bibi yake, na siku ya pili nikamwomba radhi mbele ya darasa, maana palipotendwa kosa ndipo panapostahili toba.

Baada ya miezi michache muuza mboga alitoa shauri kwamba twende matembezi. Shauri hili lilizua ubishi mkubwa. Fundi alisema ni haramu mtu kula raha na nduguye amelala kitandani. Mzee wa reli alimjibu polepole, "Hata garimoshi husimama stesheni likatiwa maji. Dereva asiyesimama hakuti mji, hukuta ajali." Tukakubaliana hivi: nusu yetu watoke, nusu wabaki na wagonjwa wote, na mwezi wa pili wabadilishane. Safari ya kwanza ilikuwa ya bustani ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribia miti. Hatukufanya neno kubwa. Tulikula viazi na mayai, tukalala juu ya nyasi, na kwa saa tatu hakuna aliyetuita.

Safari ya tatu tuliamua kwenda na wagonjwa wetu, City Park. Utingo wa matatu ya kwanza alidai kiti cha magurudumu kilipiwe nauli kama mtu. Abiria wakamzomea, akanyamaza. Huko bustanini mzee wa reli alituonyesha kaburi la Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi mwezi wa Februari mwaka 1965, na jirani yake kaburi la Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966 na kufariki mwaka 1990. Murumbi alitaka kuzikwa karibu na rafiki yake. Mkewe yule mzee, asiyekumbuka jina la mumewe, alimshika mkono tukitoka pale, na hakuuachia mpaka tulipopanda gari.

Tulipokuwa tukila, tumbili alishuka mtini, akamnyang'anya mama yangu ndizi mkononi, akapanda tawini kuimenya mbele ya macho yetu. Mama akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa kicheko chake kile kile cha zamani. Kisha akasema neno ambalo hakuwa amelisema tangu alipougua: "Mwizi!"

Jambo hili si la Nairobi peke yake. Huko Uingereza mchungaji mmoja mwanamke, Mary Webster, aliacha kazi yake mwaka 1954 ili awatunze wazazi wake. Mwaka 1963 aliandika barua gazetini kueleza hali ya wanawake kama yeye, na mwaka 1965 chama cha kuwatetea kikaundwa. Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inasema kuwa mzee ana haki ya kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali pia. Serikali imeweka posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliosajiliwa wenye miaka 70 na zaidi. Fedha hizo ni msaada wa kushukuriwa, lakini hazimgeuzi mgonjwa kitandani saa nane ya usiku. Hapo hapana budi awepo mtu, na mtu huyo naye anahitaji mtu.

Vijana wasomaji wangu, yamkini katika darasa lenu yumo mmoja anayesinzia, au anayenuka moshi, au asiyebaki uwanjani kucheza mpira. Msifanye haraka kumpa jina. Na ikiwa mmoja huyo ni wewe, usione haya kusema. Siri ya namna hiyo hulemea kuliko kazi yenyewe.

Mama yangu bado hawezi kutembea, wala sitarajii muujiza. Bado nachoka, na mara nyingine bado nakasirika. Lakini sasa najua mlango wa kubisha kabla hasira haijanifika mkononi. Na mwanafunzi akichelewa, simwulizi tena kwa nini amechelewa. Namwuliza kwanza, "Nyumbani hawajambo?"