Nilikikimbia kikundi cha mtaani, kumbe jirani alikuwa ndani

Siku nilipokiri mbele ya mke wangu kwamba pombe imenishinda, nilidhani kazi ngumu imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Nilikwenda kwa daktari, na nawe ningekusihi uanzie hapo ikiwa unakunywa kila siku. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla waweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Si jambo la kujifungia chumbani na chupa ya maji. Daktari alinipa dawa za wiki moja, kisha akaniuliza swali lililonitoa jasho: "Jioni ukitoka kazini utakuwa ukienda wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwa miaka kumi na mmoja jioni zangu zilikuwa na kiti kimoja katika baa moja katikati ya jiji, na mhudumu alikuwa ameacha kuniuliza nitakunywa nini. Mtu mzima mimi, sikuwa na pa kwenda kati ya saa kumi na moja na saa tatu usiku. Daktari akanishauri nitafute kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe.

Nilipiga simu 1192, nambari ya bure ya NACADA, shirika la serikali linaloshughulikia ulevi na dawa za kulevya. Mama aliyepokea hakunihubiria. Aliuliza tu ninaishi wapi. Nikadanganya. Ninaishi Umoja, nikasema Westlands.

Nilijiambia kwamba Umoja kuna macho. Mama mboga ananijua, fundi viatu ananijua, wazee wa kanisa wananijua. Ajabu ni kwamba watu hao hao walikuwa wameniona nikikokotwa na bawabu hadi mlangoni, viatu mkononi. Kuonekana nimelewa sikuona haya. Kuonekana nikienda kupona ndiko kulikonitisha.

Wenzangu wa Westlands walikuwa watu wema, sina la kulalamika. Lakini matatu nilizopanda kutoka Umoja hadi Westlands zilinipitisha katikati ya jiji, na huko ndiko kilikokuwa kiti changu. Nilikipita nikienda, nikakipita nikirudi. Mwezi wa tatu, jioni moja ya mvua, matatu zikaadimika na makanga wakapandisha nauli. Nikajiambia nijikinge mvua kidogo tu. Nilifika nyumbani saa saba za usiku.

Mama watoto hakunigombeza. Asubuhi alinimiminia chai, akakaa. "Baba watoto," akasema, "kule Westlands unaenda kupona ama kujificha?"

Wiki iliyofuata nilimweleza yote mzee mmoja wa kikundi. Alicheka hadi akakohoa. Yeye mwenyewe, alisema, aliwahi kupanda basi mwaka mzima kukimbia kikundi kilichokuwa karibu na lango lake. Akanielekeza kwa kingine kinachokutana Alhamisi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu.

Msomaji, dakika kumi hizo zilinichukua saa nzima. Nilisimama kwenye duka lililo mkabala na ukumbi nikinunua peremende nisizozitaka. Nilipoingia hatimaye, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Mwalimu, jirani tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja. Mwalimu ambaye wazazi mtaani humtaja kwa watoto wao kama mfano!

Alisogea kwenye benchi kunipa nafasi. "Karibu, jirani," akasema kwa sauti ya chini. "Huo ukuta wetu ni mwembamba. Nilikuwa nikikungoja."

Kikundi hicho ni cha Alcoholics Anonymous, au AA kwa kifupi, utaratibu ulioanzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, na walevi wawili: mmoja dalali wa hisa, mwingine daktari mpasuaji. Hakuna ada ya kujiunga. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Watu hutajana kwa jina la kwanza, na yanayosemwa humo hubaki humo. Ndiyo maana Mwalimu mwenyewe alinipa ruhusa kabla sijaandika haya. Mwishoni kikapu huzungushwa, mwenye shilingi akatia, asiyekuwa nayo akakipitisha. Wapo wanaosema mno, na dua huenda zikakuchosha kama si mtu wa dua. Kikikukera, jaribu kingine kabla ya kukata tamaa.

Tena, kama anayekunywa si wewe bali mumeo, mkeo au mwanao, wapo Al-Anon, walioanza mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi. Mke wangu asema laiti angelijua hilo mapema, asingemwaga chupa zangu kwenye sinki miaka yote ile akidhani anatibu.

Sijanywa kwa miezi kumi na tisa sasa. Kiu haijaniaga. Hunijia hasa mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa mfukoni. Lakini kila Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo jioni, Mwalimu hugonga ukuta mara mbili. Nikichelewa kujibu, hugonga tena.